Mapungufu Yanayojulikana

Umebaki ukurasa mmoja kabla ya kutoa toleo jipya,
na ukurasa huo nimepewa mimi, Sunniva,
kwa kuwa, wanasema, sioni haya kutaja kisichowezekana.
Nje Bergen inanyeshewa, kama jana, kama juzi.
Kahawa imepoa. Naandika.

Moja. Maktaba hii hubana safu za namba, basi.
Usiiletee majina ya watu wala ya vituo.
Pande zisizidi nne. Mwenye upande wa tano
aukunje mwenyewe, au aukate vipande.

Mbili. Kila kitu hukatwa vitalu vya nne nne.
Safu yako ikiwa na tisa, ile ya tisa haikai peke yake:
huwekewa wenzake watatu wa kubuni
ili kitalu kijae, na nafasi yao unailipia wewe,
kama nyumba ya wageni inayomtoza msafiri mmoja
bei ya vitanda vinne.

Tatu. Kitokacho si kilekile kilichoingia.
Ni karibu nacho. Ukitaka karibu zaidi, toa biti zaidi.
Usilinganishe kwa alama ya usawa;
pima tofauti, kisha ujiulize kama unaweza kuishi nayo.
(Hapa Anselm ameandika pembeni, kwa wino mwekundu:
"Falsafa ifutwe." Sijaifuta.)

Nne. Sifuri hasi hurudi ikiwa sifuri tu.
Ile alama ndogo iliyosema tumefika hapa tukitokea chini
hudondoka njiani. Mwezi Machi, kwenye ngazi za nyumba yangu,
alama hiyo ndiyo nyonga kuvunjika au kutovunjika.

Tano. Penye nyuzi nyingi huharibika namba,
wala hutasikia kelele.

Sita imenikawiza mpaka taa za kazini zikajizima.
Si-namba.
Ndivyo mashine inavyoandika pasipo na kipimo:
si sifuri, si ndogo, si kubwa.
Maktaba haiitambui. Ukiitia ndani ya kitalu
haipotei peke yake, huwapoteza na majirani,
wote sitini na watatu, waliokuwa wazima.

Torgeir Haukeland alipima mvua miaka thelathini na minane,
kila siku saa moja asubuhi, nyuma ya ghala lake la kondoo.
Madaftari yake nimeyanakili mimi.
Milimita kumi na mbili. Milimita arobaini. Tone tu.
Novemba moja ina siku tatu zisizo na kitu.
Hakuandika sifuri. Angeweza; nani angejua?
Aliacha mistari mitatu mitupu, na wa nne
milimita tisa nukta nne, mwandiko uleule,
wino mwingine.

Nikampigia simu binti yake, Gudveig.
Akanyamaza; nilisikia birika likichemka kwake.
"Siku mbili mama alikuwa hospitali," akasema.
"Ya tatu tulimzika.
Lakini andika kwamba ilinyesha. Sote tulilowa."

Siwezi kuandika kwamba ilinyesha. Ilinyesha kiasi gani?

Basi ushauri kwa mtumiaji:
kabla ya kubana, iondoe kila si-namba,
mahali pake weka wastani wa majirani, kitalu kitulie.
Orodha ya mapengo iweke kando, isibanwe,
biti kwa biti, na usiitupe
hata diski ikijaa.

Anselm ameuliza mbona mfano wangu una tarehe za Novemba,
badala ya moja, mbili, tatu, kama kawaida yetu.
Nikamwambia nimeujaribu mara nne, unafanya kazi.
Akaupitisha.
Nimevaa koti. Mwavuli nimeusahau nyumbani.