Boyi

Tunapanga boyeri nyuma ya nyumba kubwa,
chumba na nusu, dirisha kama mdomo wa sanduku la posta.
Kwenye risiti mwenye nyumba anaandika "aneksi",
lakini Lubumbashi yote inasema boyeri,
hata mwanangu Kyembe akimwelekeza mwuza makala:
"Pita kando ya geti, ule mlango wa bluu."

Jana alirudi shuleni ametuna kifua.
Tonge la bukari mkononi, sombe mdomoni:
"Mama, leo Kiingereza. Mwalimu amesema mimi ni boyi."

Nikanyamaza. Nikatoa bati la biskuti chini ya kitanda.
Buku la kazi la babu yangu limo, limeliwa pembe:
Lwamba Faustin. Kazi: boyi. Umri: karibu 41.
Baba wa sita, mvi zimeshaanza,
anaitwa mtoto kwa lugha isiyo yake
wala ya bwana wake.
Mbelgiji aliazima neno kwa Mwingereza
kama unavyoazima ungo kwa jirani,
ukakaa nao, ukasahau ni wa nani,
nasi tukaupokea na makapi ndani.

Jumamosi nilikwenda Katuba kwa Mwalimu Kisimba.
Kamusi yake haina jalada; mchwa walianzia A
wakachoka kabla ya B.
Akalamba kidole. "Neno la kale," akasema,
"na asili yake hawaijui vizuri.
Zamani: mtumishi. Mtu wa chini. Mhuni.
Mvulana alikuja baadaye, kama mgeni wa mwisho.
Wengine wanalifuata mpaka Kilatini,
kwenye pingu, kwenye kola ya chuma ya shingoni.
Wengine wanatikisa kichwa."
"Na wewe, Mwalimu?"
"Mimi nasahihisha madaftari. Boyi, mvulana. Kumi kwa kumi."

Mjini hapa neno halikupata kuketi.
Lilivaa aproni likaingia jikoni.
Lilidandia lori likawa boyi-shoferi,
gogo la kuzuia gurudumu mkononi, vumbi la Kasenga mpaka kwenye kope.
Lilikesha na watoto wa wenyewe usiku wa homa
na wa kwake wakiwa na homa ileile, hatua ishirini nyuma.
Likaoa: boyesi, afuaye.
Likajenga: boyeri.
Ukuta huu ninaoegemea ulipimwa kwa neno,
si kwa mtu; ndiyo maana miguu ya kitanda
inatoka nje ya pazia.

Babu alikuwa na maana yake mwenyewe.
Mwaka ule mabwana walipokuwa wakifunga masanduku,
Madamu alipaza sauti kutoka sebuleni: "Boyi!"
Babu ameketi hapa kizingitini, anamenya viazi.
Akajibu kwa Kilingala, lugha ya askari,
aliyoiokota kambini bila kuipenda:
"Naboyi."
Nimekataa.
Madamu alisikia jina lile lile, na kijisilabi mbele,
akadhani ameitikiwa.
Akasubiri.

Hadithi hii babu aliisimulia kila Pasaka,
na kila Pasaka bibi aliguna kutoka jikoni:
"Ulienda. Ulibeba masanduku mpaka stesheni.
Hata lile la vyombo, lililokuvunja kiuno."
Babu hakubisha. Alisugua kiuno, akaomba chumvi.

Hayo yote nilimwambia Kyembe, au robo yake;
ana miaka minane, na nzi walikuwa juu ya sombe.
Aligeuzageuza buku la kazi, akatafuta picha.
Picha ilibanduka zamani, imebaki gundi.
"Kwa hiyo mimi ni boyi gani?"
Sikuwa na jibu.
"Chukua sahani yako," nikasema, "ukaoshe."

"Naboyi," akacheka,
na sahani tayari iko mkononi,
nusu ya njia kwenda kwenye robine.