Safu ya Ujuzi

Daftari langu lina mistari thelathini na miwili kila ukurasa.
Niliihesabu siku ambayo hakuja mtu.
Jina. Kijiji. Darasa alilofikia. Ujuzi. Simu.
Ofisi ya Kazi, Wilaya ya Tororo, mlango wa pili kushoto,
ubavuni mwa choo chenye kufuli. Ufunguo ninao mimi,
ndiyo maana wengi wanaobisha hodi hawatafuti kazi.

Wanaotafuta nawajua kwa bahasha:
ya kaki, pembe zimelegea,
imekumbatiwa kifuani kama mtoto mwenye homa.
Nawaambia, mezani sina kazi, nina kalamu.
Hunitazama kama mchinjaji asiye na nyama.

Okecho wa Rubongi aliachishwa kwenye tanuri la chokaa,
yeye na wenzake kumi na tisa, bila barua.
Alipoinuka, weupe ulibaki kitini.
Mwajiri nilimwita mara tatu. Ya nne akaja wakili wake,
viatu vyake havijui chokaa ni nini.
Okecho akalipwa mwezi mmoja kati ya minne.
Akazihesabu noti mara mbili, akanipa mkono.
Mpaka leo sijui kama alinishukuru
au aliniaga.

Alhamisi, mvua ikipiga bati, aliingia Perepetua Nyachwo wa Kisoko.
Ujuzi?
"Sina."
Alilisema kama mtu aliyeombwa chumvi na jirani.
Nimefunzwa kuandika ninachoambiwa,
lakini mvua ile haikuwa ya kumtoa mtu nje,
nikamuuliza siku yake huanzaje.
Akaanza na kuni. Akafika kwenye kikundi cha akiba:
wanawake ishirini na sita, sanduku la kufuli tatu,
miaka sita kitabu yuko nacho yeye,
na siku ya mgao haijapotea hata shilingi mia.
Msibani hupikia watu mia tatu, kipimo chake ni jicho.
Gunia lililopunjwa hulijua kwa kulinyanyua.
"Na hiyo nayo ni kazi?" akauliza, akacheka,
akafunga leso, akaondoka na mvua yake.

Safu ya ujuzi ina upana wa vidole viwili.
Niliandika hadi ukingoni, nikapinda, nikapanda,
maneno yakaandamana kama siafu
hadi juu ya simu ya mtu mwingine.

Jumatatu, Bwana Ekirapa mwenye ghala la mahindi karibu na reli:
"Nataka kijana. Mwenye diploma. Ajue hesabu, asiibe."
Wa mwisho alikuwa na diploma?
"Alikuwa nayo."
Yuko wapi?
Akageukia dirisha, upande wa mwamba,
kana kwamba yule kijana amekaa kule juu na pesa zake.

Nikamsomea mstari wangu mrefu.
Kiswahili kilinisitiri: yeye ni yeye,
hakuna aliyeuliza amevaa suruali au gauni.
"Huyo mlete," akasema. "Mlete leo."
Ndipo nikasoma jina.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tatu.
Nzi alitembea juu ya muhuri wa serikali.
"Kufuli tatu?"
Tatu, nikasema. Na mkataba wa maandishi.
"Karatasi zenu hizi!" Lakini aliichukua,
akaigeuza mbele na nyuma kama anayekagua mbuzi mnadani,
akaikunja, akaitia mfukoni. Hakusaini.

Nikapiga simu kwa salio langu, ofisi haina.
Akapokea mtoto. Mama yuko shamba.
Mwambie, nikasema, aliniuliza swali Alhamisi.
"Swali gani?"
Mwambie tu jibu ni ndiyo.
Mtoto akakata, au salio liliisha.

Hodi.
Nikanyoosha mkono na ufunguo wa choo, bila kuinua uso.
Hakuna aliyeupokea.
Nikaona kwanza bahasha.