Ishara ya Tisa

Nilisahau kuongeza moja.
Kosa lote ni hilo, dogo kama kokoto ndani ya wali:
programu imtumie mzazi wa kwanza ujumbe wa minervali,
ihesabu moja, iende kwa wa pili.
Haikuhesabu. Ilisimama mlangoni kwa Balagizi
ikabisha, ikabisha, ikabisha.

Ilikuwa Kadutu, ofisi ya juu ya shule,
mvua ikimwaga misumari juu ya mabati,
umeme ukija ukienda kama shemeji mwenye deni.
Mimi, Zihindula, mwalimu wa hesabu (chekeni),
nilikuwa nimekwenda kuchemsha chai.

Niliporudi kioo kilikuwa kinateremsha mistari:
umetumwa, umetumwa, umetumwa.
Mia na kumi. Mia na kumi na moja.
Nikabana Kontroli, nikagusa C,
kama unavyomgusa mtu begani: basi, ndugu.
C ikaonekana na kikofia chake,
ikasombwa na mistari kama ganda la ndizi mferejini.
Haikusikia. Mimi mwenyewe niliifundisha uziwi:
usikatizwe, niliiandikia, na yeyote, kwa lolote.

Nikafungua dirisha la pili, nikaomba orodha
ya kila kinachohema ndani ya mashine.
4471. Jina langu ubavuni mwake,
kama la baba kwenye cheti cha kuzaliwa.

Amri yenyewe ni *ua*.
Neno lilelile la waridi,
na ukiiandika peke yake ina adabu ya waridi:
hupiga hodi, husema kusanya vyako,
funga mafaili, zima taa, toka.
Nikaiandika. Nikangoja.
Mia na tisini na nane.

Basi nikaongeza kistari na tisa.

Tisa haipigi hodi.
Tisa haizungumzi na mpangaji, huenda kwa mwenye nyumba,
naye huja akavunja kikombe
mkononi mwa anayekunywa.

4471 ikatoweka.
Mistari ikaendelea.

Ilikuwa na mtoto.
4472, yatima wa sekunde mbili,
tayari ameasiliwa na nambari moja, mzazi wa wasio na mzazi,
naye alikuwa anamalizia kazi ya baba.
Mkono ulisita, sijui kwa nini, ni namba tu.
Kisha tisa, tena.
Mia mbili na kumi na mbili. Kimya.
Chai ilikuwa imepoa.

Asubuhi akaja Nabintu, mke wa Balagizi.
Mjane, kumbe. Tangu Februari.
Orodha yetu haikuwa na habari.
Akaweka mezani franka zenye unyevunyevu, za mafungu ya samaki:
"Hizi ni za mara moja.
Zile mia mbili nyingine, mwalimu, utanisaidia."

Nikaanza kueleza: moja, kosa, nambari.
Hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaitazama simu ya marehemu,
ile ndogo ya vitufe, imefungwa kwa mpira.

"Tangu matanga haijawahi kulia.
Naichaji tu.
Jana ikalia mpaka watoto wakaamka, wakaifuata kitandani,
wakawa wanahesabu. Mdogo alifika mia
kwa mara ya kwanza maishani mwake.
Halafu saa tisa, kat."

Akatia sahihi kwenye risiti, polepole.

"Ndipo nikasikia kwamba mvua inanyesha."