Kitalu Namba Kumi na Nne

Droni ilipaa asubuhi, ukungu ulipoanza kuinuka
juu ya michai ya Dholijan, huku Assam,
nami nikabaki chini na kekee yangu
nikitoboa ardhi kila baada ya hatua hamsini,
nikitia udongo katika mifuko ya plastiki:
14-A, 14-B, 14-C,
kwa kalamu ya wino usiofutika.
Umande uliufuta.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya udongo tu.
Nne nukta sita mwinukoni: vizuri, mchai hupenda uchachu.
Tano nukta tisa karibu na mfereji,
pale majani huwa ya manjano
na wachumaji hupita mbio kama wapitao nyumba yenye mbwa.
Salgi Bhumij alijua kabla ya kipimo.
Aliweka chembe ulimini, akatema:
"Hapa pana chokaa. Zamani palikuwa na tanuri."
Niliandika: chanzo hakijulikani.
Kisha nikaona haya, nikafuta, nikaandika jina lake.

Usiku, feni ikigugumia,
nikashona picha mia tatu na kumi ziwe picha moja.
Nikauvuta mpaka wa kitalu, nukta kwa nukta,
kandokando ya mfereji, nikiizunguka miti ya kivuli,
hata mstari ukarudi ulikoanzia
na mashine ikasema:
hekta kumi na tatu nukta sifuri sita.

Daftari lasema kumi na moja nukta mbili.
Lilisema hivyo tangu enzi za ekari,
karani akinakili kwa karani,
kosa likirithiwa kama kiti.

Nikalaumu setilaiti. Nikalaumu mteremko. Nikalaumu macho yangu.
Kumi na tatu nukta sifuri sita.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga.
Hawakusema lolote
juu ya siku zinazopotea ndani ya daftari.

Maana ukurasa wa upogoaji ndio huu:
Kitalu 14. Kundi la Etwa Kherwar. Siku 40.
Na pembeni, kila Januari, kwa wino mwekundu:
Wamemaliza siku ya 47. Wazembe. Kata saba.
Miaka ishirini na tisa ya wino mwekundu.
Nikazidisha, nikagawanya.
Arobaini na sita na ushei.
Siku ya arobaini na saba, alasiri mapema,
ndipo mtu mwenye mkono mwepesi angeweka kisu chini.

Nilimkuta Etwa uani akimenya vitunguu saumu.
Rangi za ramani hakuzitazama.
Aliufuata mpaka kwa ukucha, kioo kikateleza,
kitalu chote kikarukia mto Brahmaputra;
tukacheka, nikakirudisha.

"Kwa hiyo ni kirefu."
"Ni kirefu."
"Mimi nilidhani ni mkono."

Akaukunjua, akaukunja.
Kisha, kama anayezungumza na ungo:
"Mwaka wa nne nilimtoa Birsu shule,
aje ashike kisu, tuwahi arobaini."
Punje iliyokuwa mkononi aliimenya
hadi pasiwe na punje.

"Ramani ni ya mbolea," alisema meneja, Bwana Hazarika,
kwa upole, akinimiminia kikombe cha pili.
"Eneo liache la daftari. Benki inalijua hilo.
Aliyelala usimwamshe."
Chai ilikuwa nzuri. Nisiseme uongo, ilikuwa nzuri sana.

Faili ina safu ya mwisho, Maoni,
yenye nafasi ya herufi mia mbili.
Eneo nimeliacha kama mashine ilivyolisema.
Kwenye Maoni nimeandika:
Etwa Kherwar na wenzake: siku 47, hesabu sahihi. Mfereji: chokaa, kwa ulimi wa Salgi Bhumij.

Zimebaki herufi mia moja na nane.
Sikuuliza Birsu aliishia darasa la ngapi.