Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu

Kumbukumbu zinasema: kikao kilifunguliwa saa nne kwa dua.
Hazisemi tulimngoja injinia hadi saa tano na robo,
wala kwamba viti vya kukodi vilikuwa ishirini, watu sabini,
na waliobaki wakapanda barazani, miguu juu,
maana mtaro ulipita chini yao umevimba.

Mimi ndiye niliyeziandika. Najua nilichoacha.

Ramani ilitundikwa kwa pini za mtandio,
Rukia Twalib alizichomoa kichwani bila kuombwa.
Mtaa wetu wa Langoni ulikuwa na upana wa kidole,
na katikati mstari wa buluu, umenyooka kama neno la serikali:
maji machafu yatoke hapa, yapite hapa,
yaishie huku, kwenye tangi litakalochimbwa.

"Maoni?" akauliza Injinia Mutinda.
Kimya. Kimya cha watu waliokwisha kuulizwa.
Tuliulizwa mwaka wa sukari ghali,
tukaulizwa tena mwaka wa kipindupindu.
Majibu yetu yako kabatini, panya wanayasoma.

Ndipo akanyanyuka Mwanapwani Shekuwe,
afagiaye mtaro huu tangu mimi sijaota meno ya pili.
Fagio lake la njukuti alikuwa amelikalisha kitini.
"Baba," akasema, "mtaro wako wapanda mlima."

Watu wakacheka. Injinia akakohoa:
mwinuko ulipimwa, kwa mtambo.
"Mtambo ulikuja lini?"
Tarehe kumi na tisa.
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Mwezi nane, Mfunguo Tano. Maji mafu hayo.
Ungekuja bamvua. Bahari yaingia mtaroni bila hodi,
yaturudishia kila tulichotupa:
magamba ya samaki, pampasi, povu la sabuni,
na kandambili ya mtoto wa Aboud, ya kulia,
tuliyoiaga kwa matusi mwezi uliopita."

Niliandika: Mwananchi mmoja aligusia kujaa na kupwa.

Kisha wakafunguka wote kwa pamoja.
Famau hataki bomba mbele ya nyumba yake ya wageni.
Wenye punda wanauliza punda watapita wapi mtaa ukichimbwa.
Bi Zuena akasema samaki wake wa birika wamekufa mara tatu,
akanyamaza, akaongeza: "Na maji yale yale twapikia."
Nilitaka kuandika. Kalamu ikasimama pale kwenye *twapikia*.

Injinia akavua viatu.
Hilo pia halimo.
Mwanapwani akaomba nili ya kufulia, pakiti mbili,
akaikoroga ndoo, akaimwaga mtaroni penye kona ya msikiti,
nasi tukaifuata, watu sabini nyuma ya rangi,
wazee kwa watoto, kama tunasindikiza bibi harusi.

Ile buluu haikuisoma ramani.
Ilikata kushoto kwa Bi Zuena, ikasita, ikazunguka,
ikajipenyeza kwenye ufa chini ya ukuta,
na upande wa pili wa ukuta ule
ni kisima.

Hakuna aliyesema kitu. Mutinda alichuchumaa,
suruali yake ikanywa tope hadi magotini,
akachora kwa penseli pale nili ilipopotelea.

Kikao kilifungwa saa saba. Hilo nililiandika.

Miezi minane sasa. Bomba halijaja.
Imekuja ramani mpya, imekunjwa mara nne,
na mstari wake umepinda kushoto, umepinda tena,
kama mtu aliyetajiwa njia na wenyeji.
Kwenye kona, herufi mbili ndogo: M.S.
Sijui ni kipimo cha kitaalamu au ni jina.

Nilimpelekea. Hajui kusoma, lakini alifuata mstari
kwa ukucha, polepole, mpaka ulipogusa bahari.
Akasimamisha kidole.
"Na lango la kuzuia bamvua liko wapi?"

Nikatoa kalamu.
Nikaandika jina lake kwanza, lote,
kisha swali.