Saumu ya Thomu

Nimemdanganya thomu.
Mwezi wa tisa, Amerat ikiwaka kama kikaango kilichosahauliwa,
nilimtia kwenye mfuko wa karatasi
nikamlaza ndani ya friji, tabaka la chini,
baina ya mtindi na sindano za sukari za Hilali.
Nikamwambia: hii ndiyo baridi. Lala.

Kwetu Wete tunamwita thomu,
bara wanamwita saumu,
na safari hii bara walisema kweli:
wiki sita hakunywa, hakuonja, hakuona jua.
Kila nikifungua mlango kutafuta ndimu
taa inawaka, naye kimya,
kama mtu anayengoja adhana ya mji mwingine.

Alipotoa ulimi wa kijani nikampanda nyuma ya jiko
katika udongo wa kununua, magunia kumi na moja,
kwani huu wetu ni mawe yaliyojisingizia ardhi.

Pilipili zilikuwa zimemtangulia.
Kiangazi kizima zilikunywa maji ya esi:
tone, tone, mpira mwembamba, ndoo ya rangi ya zamani.
Esi ya chumba cha wageni ndiyo yenye baraka,
basi nikiiwasha hata wageni wasipokuwapo.
Hilali akauliza, nani yumo mle ndani?
Pilipili, nikamjibu. Funga mlango.

Ni pilipili mbuzi. Mbegu alinipa dada yangu Khadhra,
kazikunja ndani ya risiti ya duka la dawa.
Uwanja wa ndege waliniuliza kama nina chakula.
Nikasema sina.
Mbegu bado si chakula.

Mforosadi ndio ulioniletea kesi.
Sikuupanda kwa ugomvi, niliupanda kwa kivuli,
ila tawi moja likaona ukuta ni mfupi
likainama upande wa Umm Yaqdhan,
juu ya gari lake jeupe, jipya, lenye nailoni bado vitini.
Shore wakaja. Wakala, wakanya.
Zambarau juu ya boneti, zambarau juu ya kioo,
na mwezi wenyewe Ramadhani, watu roho mkononi.

Alikuja baada ya futari, kitambaa chenye madoa
kakishika kwa vidole viwili kama panya.
Nami methali ilikuwa imeshanijaa mdomoni:
pilipili usiyoila yakuwashiani?
Nikaitia katika Kiarabu.
Methali ilivuka ukuta ikafika bila nguo,
ikawa swali la jikoni tu.

Umm Yaqdhan akanitazama.
"Kweli sijaila," akasema. "Nipe nionje."

Nilimchumia ya manjano, iliyokunjamana.
Niliona haya kumzuia.
Akatafuna nusu. Akanyamaza.
Machozi yakamtoka, pua ikamtoka, akashika mlango,
akamtaja Mungu kwa majina ambayo sikuyasikia tangu madrasa.
Nikakimbilia mforosadini na bakuli,
akala konzi kwa konzi, amesimama gizani,
mpaka midomo yake ikawa rangi ile ile ya boneti.
Tukaitazama ile rangi, sote wawili.
Kitambaa akafutia kidevu.

Usiku wa kuamkia Idi alinisaidia kumng'oa thomu.
Tulitumia kijiko cha wali na taa ya simu.
Vichwa saba viligawika punje, vizuri, vyenye ngozi ya waridi.
Vilivyobaki vilitoka vizima, mviringo, vidogo kama gololi:
baridi yangu hawakuisadiki yote.
Umm Yaqdhan, ambaye mjomba wake analima huko Jabal,
aligeuza kimoja kwenye kiganja, akakinusa, akacheka.
Huyu, akasema, alifunga kama mtoto.
Hadi adhuhuri, kisha akaingia jikoni.

Akachukua vitatu vya hao wezi.
Lile tawi sijalikata.
Gari sasa analiegesha upande wa pili.