Hisa ya Kumi na Saba

Aprili, udongo wa Ng'apa bado unang'ang'ania miguu,
nikaenda mjini na daftari
kuuza mboga ambazo hazijaota.
Mitandi, Rahaleo, Wailes, mlango kwa mlango:
"Nipe hela sasa, nikulishe hadi Oktoba.
Kapu moja kila Jumamosi, bila dawa ya dukani.
Jua likiunguza, limetuunguza sote.
Funza wakila, wamekula changu na chako."

Mmoja aliniuliza, kwa upole, kama nina homa.
Ishirini na tatu wakatoa.
Sista Domitila alilipia hisa mbili.
Likomba, fundi cherehani, alilipa nusu kwa suruali ya shamba.
Ya kumi na saba akachukua Asumini,
mke wa Nangomwa, jirani yangu wa mpaka.
Alinihesabia noti zilizokunjwa mara nne,
akasema, "Usimwambie mwenyewe."

Mei tukainua matuta.
Samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni,
mboji iliyoiva hadi ikanukia mvua.
Mchicha una pupa: siku ya nne tu, macho juu.
Bamia zilijivuta
kama watoto wanaoamshwa kwenda madrasa.
Makapu ya kwanza yalikuwa majani matupu.
Likomba akatuma ujumbe: Mimi si sungura.
Wiki ya tano nikampa bilinganya tatu,
akanyamaza.
Kwa Likomba, kunyamaza ndiyo stakabadhi.

Juni akaja kantangaze.
Aliyempa mdudu yule jina alimjua vizuri.
Aliingia kwenye nyanya kimyakimya,
akachora vijia vyeupe ndani ya majani,
na kufika Ijumaa mji mzima ulikuwa na habari.
Tulipika mwarobaini na pilipili
hadi tukalia wenyewe kabla ya mdudu.
Matuta saba; tukaokoa mawili.

Kisha Julai, asubuhi ile.
Mikorosho imeanza kutoa maua,
na kila mwenye mikorosho anaamka kabla ya jogoo,
mashine mgongoni.
Nilisikia ngurumo ng'ambo ya uzio.
Upepo ukageuka.
Ukungu ule haukuwa ukungu.
Ulivuka mpaka bila hodi,
ukatua juu ya chainizi, juu ya mnavu, juu ya kotimiri,
mwepesi, kama unga wa kuandalia sikukuu.

Sikupiga kelele. Ningempigia nani?
Korosho zile ndizo sare na madaftari ya Mshamu,
kidato cha tatu.
Niling'oa. Matuta manne, mchana kutwa.
Nikafukia mbali na kisima, nikaandika:
Jumamosi hii hakuna kapu.
Sababu: upepo.

Watatu walidai hela yao. Haki yao.
Sista alikuja na ndala, akashika jembe, asiseme neno.
Likomba alileta viroba alivyoviunga kwa cherehani,
mita arobaini, ukuta wa nguo uliosomeka
SUKARI MCHELE SUKARI SUKARI.
"Mimi si sungura," akasema. "Lakini."

Usiku Nangomwa akabisha.
Alisimama nje ya mwanga wa taa, kofia mkononi.
"Leo nyumbani nimekula ugali kwa chumvi.
Nikauliza, mboga iko wapi?
Nikajibiwa: umeipulizia."

Tangu hapo hutangulia Mshamu,
anainua kipande cha kanga juu ya fimbo
tuone upepo unaelekea kwa nani.
(Si kila mara. Agosti walisahau.)

Oktoba, ndoo inakwaruza chini ya kisima.
Kapu la mwisho: ngogwe, bilinganya zenye makovu,
na boga moja kila nyumba,
ila mbili zilizogawana nusu kwa nusu.
Hisa ya kumi na saba alikuja kuichukua mwenyewe.
Akaligeuza boga, akalipiga kidole,
akaona tundu.

"Hili limeliwa na funza."

"Ndiyo," nikamwambia. "Wamekula changu na chako."

Akalifunga kwenye baiskeli,
tundu likitazama juu.